Aliyekataa Kunitwika Masomo Matatu

Chuo tulichosoma hapa Kalemie kilikuwa na ratiba, na ilipendeza kuitazama. Ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo kila mwanzo wa muhula, imepigwa mistari kwa rula, kila somo lina siku yake na saa yake. Tuliisoma kama mtu anavyosikiliza dua: unaitikia amina, halafu unasubiri Mungu aamue. Maana walimu wa masomo makubwa hawakuwa wakaaji wa mji wetu. Walikuwa maprofesa wageni, watu wa Lubumbashi, na walifika siku ndege ilipokubali kuwaleta. Profesa akishuka, ratiba inakufa palepale. Somo zima la muhula linafundishwa mfululizo, asubuhi mpaka jioni, juma zima, mtihani siku ya mwisho, kisha huyo, anarudi uwanja wa ndege na karatasi zetu ndani ya begi lake.

Watu wa miji mingine wakisikia hivyo hutuhurumia. Wasituhurumie. Tulikuwa tumezoea, na tulikuwa na ujanja wetu. Ujanja wenyewe ulikuwa huu: jiandikishe masomo yote. Ya mwaka huu, na yale unayoyaburuta toka mwaka jana, kwa sababu mfumo huu mpya wa krediti unakuruhusu kupanda mwaka huku somo moja au mawili yakikufuata nyuma. Jiandikishe yote bila woga, kwa maana hayatakuja yote. Ndege itaharibika, profesa mmoja ataugua, mwingine ataitwa Kinshasa. Kiongozi wa darasa letu, kijana mcheshi aliyejua habari zote kabla hazijatokea, alikuwa akituambia, "Andika tu. Mwenye kuandika hachoki. Mwenye kuchoka njo mwenye kusoma." Njo ni ndiye yetu, na ndiyo, na ndipo.

Nilimpenda kwa maneno hayo, kwa kuwa yalinifaa. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na kiburi cha mbali. Toka shule ya msingi nilizoea jina langu kusomwa la kwanza, na kuacha somo lisubiri mwaka mwingine huku wenzangu wakiendelea nilikuona ni sawa na kuvuliwa kitenge sokoni. Nilisoma sayansi ya elimu. Nilitaka kufundisha, kisha niongoze shule, na nilitaka mambo hayo upesi.

Mwaka wa pili nikapata mimba. Tulikuwa tumeifurahia, mume wangu na mimi, tena sana. Lakini mume wangu ni dereva wa lori, njia ya Nyunzu mpaka Manono, na msimu wa mvua njia ile humeza gari na watu wake wakakaa majuma kwenye matope. Nilijua nitazaa yeye yuko barabarani. Na nilijua neno litakalofuata, nalo ndilo lililoninyima raha kuliko uchungu wenyewe: kusimamisha.

Dada yangu mkubwa alisimamisha masomo alipopata mtoto wa kwanza. Ilikuwa kwa mwaka mmoja tu, walivyosema. Leo ana watoto wengi, wazuri, wenye adabu, na ule mwaka mmoja haujaisha. Hakuna aliyemkataza kurudi. Kila mwaka palikuwa na jambo, na kila jambo lilikuwa la kweli. Mimi nilimwangalia dada nikajiapia kwamba sitasimamisha hata wakinifunga kamba. Kwa hiyo ukoo wa mume wangu ulipoanza kutuma maneno kwamba ingefaa nipumzike mwaka, nilijibu kwa vitendo. Nilikwenda chuoni na tumbo langu nikajiandikisha masomo yote ya muhula, nikaongeza na takwimu niliyokuwa naiburuta toka mwaka wa kwanza. Maprofesa hawatakuja kabla mtoto hajachangamka, nilijiambia. Hawaji kamwe kwa wakati. Hivyo ndivyo mipango yangu ilivyokuwa, ya kutegemea uchelewaji wa watu wengine.

Miezi ilipokaribia kutimia, mama mkwe alifika kutoka Mpala, kijijini kwao ufukweni mwa ziwa. Alikuja kwa mtumbwi wa mashine, kikapu cha ndagala wakavu, hao dagaa wa ziwani, kichwani, unga wa muhogo, majani ya dawa yaliyofungwa kwenye kitambaa, na mkeka wake mwenyewe, kwa sababu hapendi mikeka ya watu. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini isiyoharakishwa na kitu. Tulikuwa hatujawahi kukaa pamoja zaidi ya siku za harusi. Aliingia, akatazama nyumba, akatazama meza yangu yenye makaratasi, akaenda kuosha sombe, majani ya muhogo ya mboga. Nikajua, au nilidhani najua, kwamba ukoo umemtuma aje kunifungia vitabu. Kila alichofanya nilikitafsiri hivyo. Akifagia chumba, nilimwona anasogeza vitabu kwa ufagio. Akiniuliza kama nimekula, nilisikia ananiuliza kwa nini ninasoma.

Mtoto akazaliwa salama, mvulana, akapewa jina la baba mkwe aliyekwisha kufariki. Na hapo mambo ya nyumba yetu yakapata uso mwingine. Kwa kuwa mtoto alichukua jina la mume wake, mama mkwe alianza palepale kumwita mtoto "mume wangu", kama desturi yetu ilivyo, na utani huo kwake haukuwa na likizo. Asubuhi alimwamkia kwa heshima na kumwuliza amelalaje. Mtoto akikojolea kitenge chake, alisema bwana amerudi na ulevi wake uleule. Nikichelewa kumnyonyesha, aliniuliza kwa upole kama nimegombana na mume wake. Nilicheka bila kupenda. Ni vigumu kumwogopa mtu anayemkaripia mtoto mchanga kwa makosa ya marehemu.

Kitovu cha mtoto kilikuwa kimeanguka siku chache tu zilizopita, na mimi bado sijaruhusiwa kutoka uani, kiongozi wa darasa alipofika na pikipiki, anacheka peke yake toka barabarani.

"Mama, wamefika," aliniambia. "Wote watatu. Ndege moja."

Nilimwuliza watatu gani, ingawa nilishaelewa. Profesa wa takwimu, profesa wa saikolojia ya mtoto, na profesa wa sheria za shule. Walikuwa wamekutana uwanja wa ndege kule Lubumbashi kama wasafiri wa harusi moja. Chuo kikaigawa siku: sheria kuanzia asubuhi mapema, saikolojia kuanzia katikati ya asubuhi hadi saa za chakula zipite, takwimu mpaka jua litue. Kuanzia kesho. Juma moja, masomo matatu, na sisi wote tulikuwa tumejiandikisha bila woga.

Kesho yake asubuhi nilianza kujifunga kitenge kikubwa kiunoni, maana mgongo ulikuwa bado haujashikamana. Mama mkwe alikuwa uani anamwogesha mtoto kwenye beseni.

"Unaenda wapi?"

"Chuoni, Mama. Maprofesa wamefika."

"Wangapi?"

"Watatu."

"Na mume wangu anabaki na nani?"

"Na weye, Mama. Nitakuwa narudi kumunyonyesha na pikipiki. Nitaenda, nitarudi, nitaenda tena. Niko na nguvu."

Alimaliza kumwogesha, akamfuta, akampaka mafuta mguu mmoja, kisha mwingine, mimi nimesimama pale. Halafu akasema, "Sawa. Kuja nikutwike."

Sikuelewa, akaona sikuelewa. Mimi nimezaliwa mjini, karibu na bandari, na mizigo yetu hubebwa na baiskeli. Akanieleza kwamba kwao, wanawake wanapotoka shambani na mihogo, hakuna anayejitwika kikapu chake mwenyewe. Mwenzake anainua naye, wanakipandisha pamoja mpaka kichwani. Na yule anayekutwika ana haki yake. Akiinua akaona kimezidi, anakishusha chini, anaingiza mkono na kutoa mihogo bila kuomba ruhusa, na mwenye kikapu ananyamaza.

"Kwa nini ananyamaza?" nilimwuliza, maana mimi nisingenyamaza.

"Sababu ule anakutwika njo anajua uzito. Weye utaujua kiisha kufika njiani. Na njiani hakuna muntu." Akamweka mtoto begani. "Hii yako siwezi kuinua. Toa."

"Nitoe ngapi?"

"Toa mupaka niweze kuinua miye."

Hasira zikanipanda. Nilimwambia mambo yote niliyokuwa nimeyalimbikiza toka siku aliposhuka kwenye mtumbwi. Kwamba najua ametumwa. Kwamba wanataka niwe kama dada yangu. Kwamba hawa maprofesa wakiondoka huenda wasirudi mwaka mzima, na kila anayekosa somo leo anazeeka akilingoja. Nilisema kwa sauti ambayo mkamwana hapaswi kuitoa mbele ya mama wa mume wake, na jirani aliyekuwa anapepeta mchele aliacha kupepeta.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilitumwa, ndiyo. Walisema nikuambie upumzike mwaka. Nikawaambia nitakuambia. Sasa nimekuambia."

Nikabaki nimeshika pindo la kitenge. Yeye akaendelea, sauti ileile ya chini.

"Ile ya kupumzika imeisha, niliahidi kuisema na nimeisema. Sasa chagua. Miye nitaenda pamoja na weye, na mutoto mugongoni, na nitakaa kule inje. Nitaweza kukaa nusu siku. Siku yote sitaweza, na yeye hataweza, na damu yako bado inatoka. Chagua ile somo inakupita bila kurudi."

Nililia, sitaficha, na sikulia kwa huzuni tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita na mtu ambaye hakuja na silaha. Nikakaa kwenye kibao cha jikoni nikafikiri kwa mara ya kwanza toka nianze chuo. Sheria za shule zilikuwa na kitini kilichopigwa chapa, na mwalimu wake alikuwa kijana, angerudi. Takwimu ilihitaji kichwa kizima, na changu kilikuwa nusu, nusu nyingine ilikuwa maziwa. Profesa wa saikolojia ya mtoto alikuwa mzee. Watu walisema hii ndiyo safari yake ya mwisho Kalemie. Nikasema saikolojia.

"Hiyo ni ya saa gani?"

"Ya katikati."

"Vizuri. Mume wangu hulala katikati," alisema, akaenda kutafuta mkeka wake.

Hivyo ndivyo tulivyovuka mto Lukuga, mimi, mama mkwe na mtoto, kila siku ya juma lile. Alitandika mkeka nje ya ukumbi, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, na kivuli kilivyosogea naye akakifuata. Dirishani nilikuwa namwona kitambaa chake cha kichwa tu. Mtoto akilia kidogo alimtuliza. Akilia sana alikohoa kwa namna fulani tuliyokubaliana, nami natoka.

Siku moja nilikuwa ninaandika kwa bidii nisisikie kikohozi. Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe akaingia na mtoto mikononi, akapita mbele ya darasa lote mpaka karibu na ubao, akainama kidogo kwa adabu.

"Profesa, samahani. Mume wangu ana njaa."

Mzee yule akatazama mlangoni, nadhani akimtafuta mwanamume mzima mwenye njaa yake. Kisha akatazama kitoto kile chenye ngumi mbili, akavua miwani. Nilitamani sakafu inimeze.

"Ana jina la bwana yako?" aliuliza.

"Njo yeye mwenyewe," alijibu mama mkwe.

"Basi muheshimiwa apewe chakula haraka," alisema profesa. "Na miye niko na mujukuu kule Lubumbashi, ana jina la mama yangu. Hajaota meno yote lakini ananiomba sabuni kila nikirudi." Darasa zima likaangua kicheko, mimi nikatoka na mtoto, na nyuma yangu nilimsikia profesa akimkaribisha mama mkwe akae ndani, na yeye akikataa kwa heshima kwa sababu ndani kuna joto na maneno mingi.

Nilifaulu somo lile vizuri, vizuri kweli. Wapo wenzangu waliofaulu yote matatu, sikatai. Walikuwa na tumbo lao zima na usingizi wao mzima. Lakini wengi waliobeba matatu walitoka na moja au hawakutoka na kitu, na kiongozi wa darasa mwenyewe, mwenye kuandika asichoke, alisinzia katika mtihani wa takwimu mpaka profesa akamwamsha amwombe karatasi. Mtaka yote hukosa yote. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo toka utotoni, nikiwaambia wengine.

Baada ya hapo tukawa na desturi yetu. Mtoto alipopata nguvu mama mkwe alirudi Mpala kwenye mashamba yake, lakini kila muhula ukikaribia kuanza alipanda mtumbwi akaja. Jioni ya kwanza, kabla sijaenda kujiandikisha popote, tulikaa uani na bukari yetu, ugali wa muhogo, nikamtajia masomo yanayosemwa kuwa yatakuja. Hakuuliza yanahusu nini. Aliuliza linachukua juma zima au nusu, na litaangukia mwezi gani. Kisha tukaweka pembeni ya kila somo mambo ambayo chuo hakiyaandiki kwenye ubao. Mwezi fulani ni wa kupanda mihogo, hatakuwepo. Mwezi fulani upepo wa ziwa ni mkali na mitumbwi haitoki, kwa hiyo akiwa Mpala atabaki Mpala. Hapa mtoto atakuwa anaachishwa ziwa, na mtoto anayeachishwa ziwa ni somo kamili. Hapa mvua itakuwa imekata njia ya Nyunzu na baba yake hayupo. Na lazima pabaki nafasi ya msiba, alisema, kwa sababu hakuna muhula ambao hatukai msibani, na mtu anayekwepa matanga ya wenzake atazika peke yake.

Kilichobaki baada ya hayo yote ndicho nilichobeba. Wakati mwingine kilikuwa kingi kuliko nilivyotarajia. Muhula mmoja wa kiangazi aliniambia, "Hii ni nyepesi, ongeza," nikaongeza, na ni yeye aliyeniambia. Lakini mara nyingi nilikuwa nimebeba kidogo kuliko wenzangu wote, na iliniuma. Methali husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wenzangu wengi waliuona wangu hivyo. Walinitania kwamba ninasoma kwa sahani ya mtoto. Darasa langu lilipomaliza, mimi sikuwemo. Siku ya sherehe yao nilipika, niliimba, nilicheza mpaka viatu vikanivuka, kisha nikaenda bafuni nikajifungia nikalia kwa wivu. Nilipotoka nilikuta mama mkwe amenitengea sahani yangu, samaki mkubwa kuliko wa wageni, ameifunika. Nilikula nikashiba.

Nikiwa nakula nilijua nashukuru. Sikuwa nimemaliza, lakini sikuwa nimesimamisha. Kila muhula nilikuwa nimekanyaga chuoni, kila muhula nilikuwa nimeondoka na kitu mkononi. Nilimshukuru Mungu kwa mume asiyeona aibu kuwa na mke anayechelewa, ambaye kila akitoka Manono aliuliza kwanza habari ya mtoto kisha habari ya masomo, kwa sauti moja. Na nilimshukuru mama yake, kimyakimya, kwa kuwa yeye si mtu wa kushukuriwa kwa mdomo. Ukimwambia asante anauliza kama chumvi ilitosha.

Mwishowe likabaki somo moja, takwimu. Kazi yangu ya mwisho nilikuwa nimekwisha kuitetea, mengine yote yamepita, na takwimu peke yake ndiyo iliyosimama mlangoni. Muhula mmoja profesa wake alikuja nikiwa msibani, muhula mwingine hakuja kabisa. Kisha ikasemekana anakuja, na kwamba baada ya hapo chuo kitapata mwalimu mwingine atakayeanza upya mambo yake. Shule moja ya hapa mjini ilikuwa imeniwekea nafasi, kwa sharti kwamba nifike na diploma mwanzo wa mwaka wa shule. Nikikosa juma lile, nafasi inakwenda kwa mwingine, na mimi ninajiandikisha mwaka mzima mwingine kwa ajili ya somo moja. Nilimwona dada yangu kila nilipofumba macho. Nikatuma neno Mpala.

Alikuja, ingawa ilikuwa majira ya kupanda. Mtoto sasa alikuwa anatembea, anakimbia, anauliza maswali, na mtoto wa namna hiyo anahitaji macho kuliko yule wa mgongoni. Nilizama katika namba zangu. Asubuhi tulivuka pamoja, yeye akakaa pale ukutani na mkeka wake, jioni tukarudi. Niliona kwamba hali chakula vizuri, akaniambia samaki wa mjini wamelala sana kabla ya kupikwa. Niliona anatembea polepole, akasema mtoto anamvuta mkono. Majibu yalikuwa ya kawaida yake, na kichwa changu kilikuwa kimejaa, nikayapokea.

Alipona, niseme mapema nisimtie mtu hofu. Yuko Mpala sasa hivi, na akisikia nimesimulia haya atauliza ninafanya kazi saa ngapi kama nina nafasi ya hadithi.

Siku ya mtihani niliandika mpaka dakika ya mwisho. Nilijua nimefaulu. Namba zina uzuri huo, unajua kabla hujaambiwa. Nilitoka nje nikiwa na furaha ya kutaka kupiga vigelegele peke yangu. Mtoto alikuwa anapanga vijiwe kando ya ukuta, na mlinzi wa chuo amechuchumaa karibu naye. Mama mkwe alikuwa amelala kwenye mkeka amejifunika vitenge viwili, katika jua lile, anatetemeka.

Nikamgusa shingoni. Alikuwa anawaka. Mlinzi akasimama, hajui atazame wapi, akaniambia ni malaria, ilimshika toka mwanzo wa juma, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimsaidia kumwangalia mtoto kila homa ilipopanda, na kwamba mama alimkataza asiniambie. Alimwambia nikijua nitaacha. Na alisema kweli. Ningeacha siku ya kwanza, bila kufikiri mara mbili.

Hasira zangu zile za karibu zikaja zote, na sikuwa na pa kuzipeleka. Nilipiga magoti pale mkekani nikamwambia, "Mama, kwa nini? Kwa nini hukusema?"

Alifumbua macho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Yote? Hakuna ingine inabaki?"

"Hakuna. Imeisha yote."

Alinitazama kidogo, kama anayehakikisha simdanganyi.

"Basi," alisema, "sasa njo naweza kugonjwa."

Akafumba macho, na mwili wake wote, ambao kumbe alikuwa ameushikilia juma zima, ukalegea kwenye mikono yangu.